Mkopo Hulipa Karo, Lakini Nani Atamshika Mkono Mwana wa Maskini Chuoni?

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, sisi walimu wa shule za kutwa za mashambani huwa na furaha ya siku tatu hivi. Siku ya kwanza ni ya vigelegele na kubebana mabegani. Siku ya pili ni ya kuwahesabu waliopata gredi ya C+ na kwenda juu, maana hao ndio waliofuzu kujiunga na chuo kikuu. Siku ya tatu wazazi huanza kuingia ofisini mmoja mmoja, huyu kofia mkononi, yule leso kiunoni, wakiwa na swali moja tu: "Mwalimu, sasa tutafanyaje?"

Swali hilo nimeulizwa kwa zaidi ya miaka ishirini katika sehemu hii kame ya mashariki mwa Kenya ninakofundisha, na jibu lake limebadilika mara nyingi kuliko sare za shule. Leo nataka kulizungumzia kwa kirefu kidogo, kwa sababu naona tumezoea kulijibu nusu. Tumelijibu kwa upande wa pesa, tena kwa kubahatisha, na upande wa masomo yenyewe tukamwachia Mungu.

Tuanze na pesa, kwani bila hizo safari haiondoki stendi.

Wazee wetu waliosoma katika Chuo Kikuu cha Nairobi miaka ya sabini hupenda kutusimulia jinsi walivyolishwa, wakalazwa, na bado wakapewa fedha za matumizi ambazo walizipachika jina la "bumu". Si uongo. Mpango wa serikali wa kuwakopesha wanafunzi ulianzishwa mwaka 1974 kwa ajili ya Wakenya waliokuwa wakisoma Nairobi, Makerere na Dar es Salaam. Lakini mkopo huo ulikuwa mkopo kwa jina tu, kwani haukuwa na sheria madhubuti ya kuudai, na wengi walioupokea walijisahaulisha. Mwaka 1991 sera ya kugawana gharama ikaingia vyuoni, na mwanafunzi aliyezoea kuandaliwa chakula akaanza kukinunua sahani kwa sahani. Miaka minne baadaye, Julai 1995, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, ikaundwa kwa sheria ya Bunge, na hii ilikuja na meno ya kudai.

Kwa muda mrefu baada ya hapo hesabu ya mzazi ilikuwa ngumu lakini ilieleweka. Mwanafunzi aliyeteuliwa na serikali alitozwa ada ya masomo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, serikali ikapeleka mgao wake moja kwa moja chuoni, na mkopo wa HELB ukamsaidia kijana kujikimu. Mzazi aliuza mbuzi wawili watatu, kanisa au msikiti ukachangisha, na chifu akagonga muhuri kwenye fomu. Fomu zenyewe zilitaka pia wadhamini na kiapo mbele ya hakimu au kamishna wa viapo, kwa hivyo karatasi zilisafiri kuliko mwenyewe. Hata hivyo, mtu alijua aanzie wapi na amalizie wapi.

Mei 2023 Rais William Ruto akatangaza mfumo mpya. Mgao wa jumla uliokuwa ukipelekwa vyuoni uliondolewa, na badala yake kila mwanafunzi akawa anapimwa kwa hali ya jamaa yake, kisha karo kamili ya kozi yake ikagawanywa mafungu matatu: ufadhili wa serikali usiorudishwa, mkopo, na kiasi kinachobaki kwa mzazi. Kufikia mwaka 2024 wanafunzi walikuwa wakipangwa katika madaraja matano. Aliye katika daraja la kwanza, yaani hohehahe, hupewa ufadhili wa asilimia 70, mkopo wa asilimia 25, na jamaa hulipa asilimia 5. Aliye katika daraja la nne hupewa ufadhili wa asilimia 40 na mkopo wa 30, na nyumbani hutakiwa kutoka asilimia 30. Wa daraja la tano mzazi wake hulipa asilimia 40. Juu ya hayo, kila mmoja hukopeshwa fedha za kujikimu, kuanzia shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa daraja la kwanza hadi 40,000 kwa wa daraja la tano.

Msomaji anivumilie nifanye hesabu kidogo, kwa sababu asilimia zina tabia ya kuficha mambo. Tuchukue kozi ya mfano inayogharimu shilingi 200,000 kwa mwaka. Jamaa wa daraja la kwanza atalipa 10,000. Jamaa wa daraja la nne atalipa 60,000, yaani karibu mara nne ya ile ada ya zamani ya 16,000. Sasa tazama upande wa deni. Kijana wa daraja la kwanza atakopa 50,000 za karo na 60,000 za kujikimu, jumla 110,000 kwa mwaka. Kwa miaka minne ni 440,000. Mwenzake wa daraja la tano, yule ambaye baba yake ana gari, atakopa 60,000 za karo na 40,000 za kujikimu. Kwa miaka minne ni 400,000. Kwa hivyo siku ya kuhitimu, mwana wa hohehahe atatoka langoni na deni kubwa kuliko la mwana wa mwenye nacho, hata kabla ya riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Sisemi mfumo uliundwa kwa nia hiyo. Nasema hesabu ndivyo inavyotoka, na sijamwona mwanasiasa akiitamka jukwaani.

Tena hizo 60,000 si nyingi. Zigawe kwa miezi minane ya masomo na utapata 7,500 kwa mwezi. Katika hizo kijana alipe chumba, ale, apige nakala, anunue vifurushi vya simu, na akiugua ajitibu. Mwenye 40,000 hubaki na 5,000 kwa mwezi, na kama ndiye aliyewekwa daraja lisilo lake, Mungu amsaidie.

Maana hapo ndipo penye kitendawili: ni nani anayejua hasa umaskini wa mtu? Mwombaji hujibu maswali kwenye tovuti kuhusu mapato ya nyumbani, matumizi, idadi ya ndugu wanaosoma, na kadhalika, kisha hesabu za kompyuta humpangia daraja. Nimekaa na vijana wengi wakijaza majibu hayo, na kila mara tunakwama mahali pamoja. "Mama hupata pesa ngapi kwa mwezi?" Mama huuza sukumawiki na ndizi sokoni. Siku ya soko likichangamka hurudi na mia nne; mvua ikinyesha hurudi na mboga zilezile zimenyauka. Msimu wa maembe ana pesa, mwezi wa saba hana hata ya chumvi. Aandike nini? Mtumishi wa serikali ana hati ya mshahara inayosema kila kitu mpaka senti ya mwisho, ila haisemi kwamba robo tatu ya mshahara huo huenda kulipa mkopo wa ushirika na kusomesha watoto wa marehemu kaka yake. Umaskini wa kwetu hauna hati. Huwa unakuja na kwenda, na kwa kawaida hurudi siku ya kulipa karo.

Desemba 20, 2024, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba mfumo huo ulikiuka Katiba, kwa kuwa ulikuwa wa kibaguzi na umma haukushirikishwa ipasavyo. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha utekelezaji wa uamuzi huo. Katika mwaka huohuo wa 2025 serikali ikatangaza kupunguza karo za kozi za shahada katika vyuo vya umma. Mawakili wana yao ya kusema juu ya hayo yote na siwezi kushindana nao. Ninachojua ni kwamba katika muda wa miaka isiyozidi mitatu, mzazi asiyejua kusoma ameambiwa habari nne zinazopingana kuhusu gharama ya elimu ya mwanawe, na kila mara aliyezipeleka ni mwalimu.

Basi pale ambapo serikali haifiki, hutafutwa basari. Tangu sheria ya Hazina ya Maendeleo ya Maeneobunge ipitishwe mwaka 2003, ofisi ya mbunge imekuwa dirisha la kwanza, na serikali za kaunti nazo zikafungua madirisha yao baada ya 2013. Sitazibeza. Nimeona hundi ya shilingi elfu kumi ikimwokoa mtoto asifukuzwe. Lakini basari hizi hukatwa vipande vidogo ili majina yawe mengi, na majina mengi ni kura nyingi. Mwanafunzi wa chuo anayedaiwa 40,000 hupewa 5,000, akapigwa picha akiishika hundi, kisha akarudi chuoni na deni la 35,000 na picha. Harambee nazo zina desturi yake. Watu hutoa kwa moyo siku ya kumsindikiza kijana, kuku na viti hukodishwa, pesa zikapatikana za muhula wa kwanza. Sijawahi kualikwa kwenye harambee ya muhula wa tano.

Nimesema mengi juu ya fedha, na kama ningekomea hapa, makala hii ingefanana na nyingine nyingi. Kinachonikereketa zaidi ni hiki kinachofuata.

Miaka kadhaa iliyopita shule yetu ilimpeleka msichana mmoja kusomea uhandisi katika chuo kikuu nitakachokiacha bila kukitaja. Alikuwa wa kwanza darasani kuanzia Kidato cha Kwanza. Karo yake haikuwa tatizo. Ufadhili na mkopo vilipatikana, na jamaa wakajikaza kwa kilichobaki. Muhula wa kwanza ulipoisha alikuwa ameanguka masomo matatu. Alipokuja kuniona likizoni, nilitaka kujua kilichotokea, naye akanieleza bila machozi, jambo ambalo lilinitia hofu zaidi kuliko machozi. Somo moja lilihitaji kompyuta, naye hakuwa amewahi kuigusa, kwa sababu shuleni kwetu zilikuwa mbili na zilikaa ofisini. Wenzake waliwasha na kuanza kazi. Yeye alitumia saa nzima akitafuta jinsi ya kuandika herufi kubwa, na aliona haya kuuliza. Somo la hesabu mhadhiri alifundisha watu wapatao mia tatu katika ukumbi mmoja, akaandika ubaoni mambo aliyodhani kila mtu alishayasoma sekondari. Sisi hatukuwa tumeyafikia, mwalimu wetu wa hesabu alikuwa mmoja kwa mikondo yote. Na somo la tatu hakuruhusiwa kulifanyia mtihani, kwa kuwa alikuwa amekosa zaidi ya theluthi ya mihadhara. Alikuwa wapi? Akifua nguo za watu katika mtaa wa jirani, siku za Jumanne na Alhamisi, ili apate chakula, kwa sababu mkopo wa kujikimu ulikuwa haujaingia.

Nikamwuliza, "Huna mshauri wa masomo huko?" Akasema jina la mshauri lilikuwa kwenye barua ya kujiunga, lakini hakujua ni mtu wa kutafutwa. Alidhani ni sahihi tu.

Msichana huyo hatimaye alihitimu. Aliyemwokoa hakuwa na cheo: ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mtoto wa tarafa ya jirani, aliyemkuta maktabani akiwa ameinamia kitabu kilekile kwa siku ya tatu. Alimfundisha kompyuta, akamwonyesha mitihani ya miaka iliyopita, akampeleka kwa mhadhiri aliyekuwa tayari kusikiliza. Ilikuwa bahati. Mwaka uleule kulikuwa na mvulana wetu mwingine, katika chuo tofauti, ambaye hakukutana na mtu maktabani. Aliporudi nyumbani baada ya mwaka wa kwanza alisema amekuja kupumzika. Sasa ana pikipiki ya boda boda ya mtu na deni la mkopo la kwake. Hakuna aliyempigia simu kutoka huko alikotoka kumwuliza mbona kiti chake ki wazi.

Hilo la deni tulitazame vizuri. Sheria ya HELB haimtofautishi aliyehitimu na aliyetoka bila cheti. Wote wamekopa, wote watadaiwa, na anayechelewa kulipa hukabiliwa na faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi. Kumkopesha kijana maskini bila kumsaidia ahitimu ni kumfanya maskini zaidi ya alivyokuwa alipokuwa Kidato cha Nne. Hata kwa macho ya mhasibu asiye na huruma, fedha za umma zinapotea: ufadhili uliotolewa haukuzaa mhandisi, na mkopo uliotolewa hautarudi.

Wapo watakaoniambia kwamba chuo kikuu si shule ya chekechea, na kwamba mtu mzima wa miaka kumi na tisa anapaswa kujitafutia njia. Nimeyasikia hayo kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Lakini ukichunguza utaona kwamba wanaojitafutia njia kwa urahisi ni wale ambao nyumbani kuna mtu aliyeipitia. Mwana wa daktari akianguka somo humpigia simu mama yake, naye mama humjua mkuu wa idara au anajua kanuni ya kukata rufaa. Mwana wa muuza sukumawiki akipiga simu nyumbani, huambiwa, "Jitahidi, mwanangu, tunakuombea." Maombi hayo ni ya kweli na yana uzito wake. Hayaelezi mtihani wa marudio huandikishwa lini.

Ushahidi kwamba msaada wa masomo hufanya kazi upo, na si wa kubuni. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Jiji la New York, nchini Marekani, kilianzisha mpango uitwao ASAP kwa wanafunzi wa kipato cha chini katika vyuo vyake vya miaka miwili. Mpango ulilipa karo iliyobaki baada ya misaada mingine, ukatoa vitabu bila malipo na kadi za nauli za treni na basi; lakini papo hapo ukamtaka kila mwanafunzi asome kwa wakati wote na aonane na mshauri wake mara kwa mara. Mshauri mmoja alikuwa na wanafunzi kati ya 60 na 80, ilhali washauri wa kawaida wa vyuo hivyo walikuwa na mamia, wengine zaidi ya elfu moja. Watafiti wa shirika la MDRC waliwagawa wanafunzi kwa kura, baadhi wakaingia katika mpango na baadhi wakabaki na huduma za kawaida. Baada ya miaka mitatu, 40 katika kila 100 waliokuwa katika mpango walikuwa wamehitimu. Miongoni mwa wengine ni 22 katika kila 100. Karibu mara mbili. Na tukumbuke kwamba hao 22 nao walikuwa na haki ya misaada ya kawaida ya karo. Tofauti ililetwa na nauli, vitabu, na mtu anayejua jina lako akikuuliza unaendeleaje.

Sisemi tuige kila kitu. Marekani ni Marekani. Lakini hata hapa nyumbani wazo hilo si geni. Mpango wa Wings to Fly, ulioanzishwa mwaka 2010 na Wakfu wa Equity pamoja na Mastercard Foundation, haukuishia kulipa karo za sekondari. Wanafunzi wake hukutanishwa wakati wa likizo, wakashauriwa na kufuatiliwa. Kwa nini basi mtoto wa miaka kumi na tano afuatiliwe, na akifika chuoni, penye kona kali zaidi, aachwe ajiendee?

Ningekuwa na sauti mahali panapoamuliwa mambo haya, ningeomba kwanza jambo lisilogharimu sana: fedha za kujikimu zifike kabla ya mhadhara wa kwanza, si baada ya mtihani wa katikati ya muhula. Shilingi elfu ishirini zinazokuja wiki ya nane si sawa na shilingi elfu ishirini za wiki ya kwanza, kwa sababu katikati hapo kijana ameshakopa kwa wenzake, ameshakosa vipindi, na labda ameshahamia chumba cha watu sita. Mgomo wa wahadhiri wa Septemba hadi Novemba 2025, uliodumu majuma saba hivi, ulituonyesha jambo hilo kwa upande mwingine. Wahadhiri walikuwa wakidai haki yao na siwalaumu hata kidogo, lakini aliyekodisha chumba mjini aliendelea kudai kodi, na mwanafunzi asiye na nauli ya kwenda nyumbani na kurudi aliula mkopo wake akingoja mihadhara.

Kisha ningeomba kazi ya ushauri wa masomo ihesabiwe kuwa kazi. Kwa sasa mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala alizochapisha na wanafunzi wa uzamili aliowasimamia. Akikaa saa mbili na kijana wa mwaka wa kwanza aliyekata tamaa, saa hizo haziandikwi popote. Mtu mwema hufanya hivyo hata bila kuandikiwa, na vyuo vyetu vina watu wema, lakini taasisi haiendeshwi kwa wema wa watu wachache. Na wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne wapewe kazi ya kuwafundisha wenzao wadogo, walipwe kwa saa. Utaratibu wa mwanafunzi kufanya kazi chuoni ili apunguziwe karo si mgeni nchini. Chuo Kikuu cha Kenyatta, kwa mfano, kimekuwa na mpango wa namna hiyo. Kijana anayelipwa kumfundisha mwenziwe hesabu hana haja ya kwenda kufua nguo mtaani, na anayefundishwa haanguki. Sijui kwa nini jambo jepesi kama hili halijaenea, isipokuwa labda kwa sababu halina utepe wa kukatwa na mgeni wa heshima.

Kuhusu mahudhurio, kanuni ya theluthi mbili ni nzuri. Lakini orodha ya mahudhurio isiwe ya kumnasa mtu mwishoni tu. Mwanafunzi akikosa vipindi vitatu mfululizo, simu moja ipigwe. Vyuo vinavyojua kunitumia ujumbe wa salio la karo ya binti yangu usiku wa manane haviwezi kushindwa na hilo.

Nasi walimu wa sekondari tusijitoe. Mtahiniwa humaliza KCSE mwezi wa Novemba, na kwa kawaida huripoti chuoni mwezi wa nane au wa tisa mwaka unaofuata. Hiyo ni miezi tisa au kumi. Katika muda huo wavulana wetu huenda mjengoni na wasichana huenda kutumwa kazi za nyumbani, na hisabati yote waliyokuwa nayo huyeyuka kama mafuta juani. Katika shule yetu tumeanza kuwaita waliofuzu, Jumamosi mbili kwa mwezi, kuanzia mwezi wa pili. Kompyuta zile mbili zimetolewa ofisini. Waliotangulia, wakiwa likizoni, huja kuwaeleza mambo ambayo mimi siyajui: jinsi ya kunakili mhadhara wa mtu anayesema kwa haraka, jinsi ya kusoma ratiba, chakula cha bei nafuu kiko wapi, na nani wa kuepukwa. Hatuna fedha za kazi hii. Chai hutolewa na walimu wenyewe, na mandazi yakipatikana ni sherehe. Mwalimu mwenzangu unayesoma haya, huhitaji barua ya kutoka makao makuu ili kuanza.

Na wewe mwanafunzi, hasa uliye wa kwanza katika ukoo wenu kuishika barua ya chuo kikuu, nina machache ya kukuambia. Unapojaza maombi ya ufadhili, jaza wewe mwenyewe ukiwa na mzazi kando. Usimwachie kijana wa saibakafe akujazie huku akizungumza na wateja wengine watatu. Nakili kila ulichoandika. Ukipangiwa daraja usilolielewa, tafuta utaratibu wa rufaa mara moja na uutumie, ukiwa na vyeti vya vifo kama u yatima, barua ya hospitali kama kuna mgonjwa nyumbani, na risiti za karo za ndugu zako. Ukikosa chakula, mwambie mtu. Ofisi ya mkuu wa wanafunzi ipo kwa ajili hiyo, na hutakuwa wa kwanza kuingia ukiwa na njaa. Na siku utakayopewa chumba, kabla hata hujafungua sanduku, nenda katika idara yako ukautafute mlango wa mshauri wako wa masomo. Kwa kawaida hubandikwa karatasi yenye jina lake na saa anazoonana na wanafunzi. Ziandike nyuma ya daftari, kisha rudi hapo wiki hiyohiyo, hata kama huna shida, umwambie unaitwa nani na umetoka shule gani.